Kuipasua 4,294,967,297 kwa Kalamu na Karatasi

Tafuta karatasi ya kutosha, kalamu, na kikokotoo cha kawaida, hata kile cha simu. Juu ya ukurasa andika 4,294,967,297. Namba hii ni 2³² ukiongeza 1. Tunataka kujua kama ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kama si tasa, tunataka vigawo vyake vyote, na baada ya hapo tutaangalia vigawo hivyo vinatupa nini.

Sikuiokota tu njiani. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat aliwaeleza wenzake kwa barua kwamba anaamini kuna ukoo mzima wa namba ambazo zote ni tasa. Unachukua 2, unaipandisha kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea hivyo kwa kuzidisha mara mbili, kisha unaongeza 1. Tano za kwanza zilimpa haki: 3, 5, 17, 257 na 65,537 ni tasa kweli. Ya sita ni hii yetu. Zaidi ya miaka 90 ilipita kabla ya Leonhard Euler, akiwa Saint Petersburg mwaka 1732, kuonyesha kwamba Fermat alikosea. Wewe utaimaliza kazi hiyo jioni moja. Njiani nataka ushike jambo moja: kujua kwamba namba si tasa ni kazi moja, kuvipata vigawo vyake ni kazi nyingine kabisa, na umbali kati ya kazi hizo mbili ni mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani.

Kwanza, majaribio mepesi

Usianze kugawanya ovyo. Tazama tarakimu ya mwisho: ni 7, kwa hiyo 2 na 5 zimetoka. Jumlisha tarakimu zote: 4+2+9+4+9+6+7+2+9+7 ni 59. Hiyo haigawanyiki kwa 3, basi na namba yenyewe haigawanyiki kwa 3.

Kwa 7, 11 na 13 kuna njia moja inayozimaliza zote tatu kwa mpigo, na inasikitisha kwamba wanafunzi wengi hawaonyeshwi. 7 × 11 × 13 ni 1,001. Kwa sababu hiyo unaweza kuikata namba yoyote katika mafungu ya tarakimu tatu kuanzia kulia, ukatoa na kujumlisha kwa kupokezana. Kwa namba yetu: 297 − 967 + 294 − 4 = −380. Sasa huna haja ya kuhangaika na tarakimu kumi, jaribu 380 peke yake. Ukigawanya kwa 7 inabaki 2, kwa 11 inabaki 6, kwa 13 inabaki 3. Zote tatu zimekataa.

Hapa ndipo wengi huendelea na 17, 19, 23, na kila tasa inayofuata hadi mkono uchoke. Kanuni inasema ukifika kwenye kipeuo cha pili cha namba bila kupata kigawo, namba hiyo ni tasa. Kipeuo cha pili cha namba yetu kinapita 65,536 kwa chembe ndogo sana, na chini ya 65,536 kuna namba tasa 6,542. Hizo ni hesabu za kugawanya 6,542, kila moja ikiwa na nafasi ya kukosewa. Hatutapita njia hiyo.

Uliza kigawo kitakuwa na sura gani

Swali lililomwokoa Euler ni hili: kama tasa fulani inaigawanya 2³² + 1, lazima tasa hiyo iweje? Tuipe jina p. Tufanye hesabu kwa baki, yaani kila tunapopata namba tunaigawanya kwa p na kubakiza baki tu. Kama p inaigawanya 2³² + 1 sawasawa, basi 2³² ikigawanywa kwa p inabakiza −1 (ni sawa na kusema inapungukiwa 1 ili igawanyike). Ukiizidisha kwa yenyewe, 2⁶⁴ inabakiza 1. Kwa hiyo vipeo vya 2 vinazunguka na kurudi kwenye 1 baada ya hatua 64, na haviwezi kurudi mapema, kwa sababu mzunguko mfupi zaidi ungekuwa kigawo cha 64, yaani 32 au chini yake, na hapo 2³² ingebakiza 1 badala ya −1.

Sasa Fermat mwenyewe alishatuachia kanuni kwamba kwa tasa p yoyote, namba isiyogawanyika kwa p ikipandishwa kwa kipeo cha p − 1 hubakiza 1. Mzunguko wetu wa hatua 64 lazima uingie sawasawa ndani ya p − 1. Kwa maneno mengine, p ni 64 mara kitu fulani, ongeza 1.

Angalia jinsi orodha ilivyopungua. Namba za sura hiyo ni 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641 na kuendelea. Futa zisizo tasa. Zinabaki 193, 257, 449, 577, 641. Fermat aliijua kanuni hiyo kuliko mtu yeyote wa zama zake, na kutoiuliza namba yake swali hili ni jambo ambalo wanahisabati wanalishangaa mpaka leo.

Hata hizi tano usizigawanye kwenye namba nzima ya tarakimu kumi. Kumbuka 2³² ni 65,536 × 65,536. Basi tafuta baki la 65,536 kwanza, lizidishe kwa lenyewe, ongeza 1, ndipo ujaribu kugawanya.

Kwa 193: 65,536 inabakiza 109. 109 × 109 + 1 ni 11,882, na hiyo haigawanyiki kwa 193.

Kwa 257: baki ni 1. 1 + 1 ni 2. Haigawanyiki.

Kwa 449: baki ni 431, au useme −18. 18 × 18 + 1 ni 325, ndogo kuliko 449 yenyewe. Haigawanyiki.

Kwa 577: baki ni 335. 335 × 335 + 1 ni 112,226, na inabakiza 288.

Kwa 641: 641 × 102 ni 65,382, kwa hiyo 65,536 inabakiza 154. 154 × 154 ni 23,716. Ongeza 1, ni 23,717. Na 641 × 37 ni 23,717 kamili.

Umekipata. Ni jaribio la tano, badala ya elfu sita na kitu. Sasa, mara hii moja tu, fanya mgawanyo mrefu uone kwa macho. 641 ndani ya 4,294 inaingia mara 6, inabaki 448. Shusha 9: 4,489, inaingia mara 7, inabaki 2. Shusha 6, sifuri. Shusha 7, sifuri tena. Shusha 2: 2,672, mara 4, inabaki 108. Shusha 9: 1,089, mara 1, inabaki 448. Shusha 7 ya mwisho: 4,487, mara 7, hakibaki kitu. Jibu ni 6,700,417. Zile sifuri mbili katikati ndipo watu wanapokosea: ukiisahau moja utapata namba ya tarakimu sita na kila kitakachofuata kitaharibika.

Usisimame katikati

Kupata kigawo kimoja hakutoshi. 6,700,417 nayo ni tasa, au inapasuka zaidi? Jaribu kwanza kukadiria ugumu. Kipeuo chake cha pili ni karibu 2,588, kwa hiyo ungelazimika kupita tasa zote hadi hapo. Lakini kigawo chochote cha 6,700,417 ni kigawo pia cha namba yetu kubwa, kwa hiyo kinabanwa na sharti lile lile. Na mwaka 1878 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alilikaza sharti hilo mara mbili: kwa ukoo huu, kuanzia 17, na kwa namba yetu maana yake ni kwamba kigawo tasa lazima kiwe 128 mara kitu, ongeza 1, wala si 64 tu.

Andika namba za sura hiyo hadi 2,588 na ufute zisizo tasa. Zinabaki tano: 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Ya kwanza tumekwisha kuiona ikikataa. Gawanya 6,700,417 kwa nne nyingine. Kwa 641 inabaki 44, kwa 769 inabaki 120, kwa 1,153 inabaki 334, kwa 1,409 inabaki 622. Basi 6,700,417 ni tasa, na umeithibitisha mwenyewe kwa hesabu nne bila kumwamini mtu yeyote zaidi ya Lucas. Sijui sehemu nyingine ya hisabati ya kalamu ambako juhudi ndogo kiasi hiki hulipa uhakika mkubwa namna hii.

Sasa vuna

Vigawo vyote vya namba yetu ni vinne: 1, 641, 6,700,417 na 4,294,967,297 yenyewe. Huna haja ya kuvitafuta kwa kubahatisha. Namba ikiwa ni zao la tasa mbili tofauti, vigawo huwa vinne daima. Jumla yake unaipata kwa kuongeza 1 kwenye kila tasa na kuzidisha: 642 × 6,700,418 = 4,301,668,356. Hakiki kwa kujumlisha vile vinne kimoja kimoja.

Kipimo kinachofuata ndicho chenye thamani kubwa. Kuanzia 1 hadi namba yetu, ni namba ngapi ambazo hazina kigawo cha shirika nayo zaidi ya 1? Ukijaribu kuhesabu moja moja, maisha hayatoshi. Ukiwa na vigawo, unatoa 1 kwenye kila tasa na kuzidisha: 640 × 6,700,416 = 4,288,266,240. Iandike pembeni, tutairudia.

Tazama pia jirani yake. Ukitoa 2 kwenye namba yetu unapata 4,294,967,295, na hiyo inapasuka kuwa 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, yaani namba zote za Fermat zilizotangulia zikizidishwa pamoja. Ndiyo sababu 257 ilitubakizia 2 kule juu. Kila mmoja wa ndugu hao watano atakubakizia 2, na hakuna namba mbili za Fermat zinazoshiriki kigawo zaidi ya 1. Na Carl Friedrich Gauss, ambaye mwaka 1796 alionyesha kwamba umbo sawa la pande 17 linachorwa kwa rula na bikari, alitoa kanuni ambayo kwayo umbo la pande 4,294,967,295 nalo linachoreka. Mpaka sasa hakuna umbo la pande witiri zaidi ya hizo linalojulikana kuchoreka hivyo, kwa sababu hakuna tasa nyingine ya Fermat iliyowahi kupatikana baada ya 65,537.

Njia ya pili, kwa anayependa miraba

Namba yetu ni 65,536² + 1². Euler alijua kwamba namba witiri inayoandikika kama jumla ya miraba miwili kwa njia mbili tofauti haiwezi kuwa tasa. Kuitafuta njia ya pili ni kazi ya kuchosha, kwa hiyo nakupa: 62,264² + 20,449². Ya kwanza ni 3,876,805,696, ya pili ni 418,161,601. Jumlisha, usiniamini bure.

Sasa panga namba nne hizo, shufwa na shufwa mwenzake, witiri na witiri mwenzake. Tofauti ya shufwa ni 65,536 − 62,264 = 3,272. Tofauti ya witiri ni 20,449 − 1 = 20,448. Tafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika, ile KKS ya shule ya msingi: ni 8. Kisha jumla: 65,536 + 62,264 = 127,800, na 20,449 + 1 = 20,450. KKS yake ni 50. Gawanya zote kwa 2, unapata 4 na 25. Miraba yake ni 16 na 625. Jumlisha: 641.

Kwa kutafuta KKS ya namba kubwa usizivunje kuwa tasa. Gawanya kubwa kwa ndogo, chukua baki, gawanya ndogo kwa baki hilo, endelea hivyo mpaka baki liwe sifuri. Kigawanyi cha mwisho ndicho KKS. Njia hiyo ina zaidi ya miaka 2,000, na kompyuta za leo bado zinaitumia.

Kujua bila kupata

Sasa tuje kwenye lile jambo nililokuomba ulishike. Tuseme hukupata 641. Ungewezaje kujua kwamba namba si tasa? Unatumia kanuni ya Fermat kinyume. Chukua namba ndogo, ipandishe kwa kipeo cha namba yako ukitoa 1, tafuta baki. Baki lisipokuwa 1, namba si tasa, na kesi imekwisha hata kama hujaona kigawo chochote.

Jihadhari na namba ndogo unayochagua. Ukitumia 2 kwenye namba yetu, utadanganywa. Tulishaona 2⁶⁴ inabakiza 1, na 2³² ni kigawe cha 64, kwa hiyo 2 ikipandishwa kwa kipeo cha 4,294,967,296 inabakiza 1 vilevile, kana kwamba namba ni tasa. Baki la 1 kamwe si uthibitisho wa utasa. Ni kibali cha kuendelea kuuliza. Tumia 3. Zidisha 3 kwa yenyewe, jibu kwa lenyewe, mara 32, kila hatua ukibakiza baki tu. Mwisho unapata 3,029,026,160. Hiyo si 1. Namba si tasa. Mwaka 1877 Théophile Pépin aliigeuza njia hii kuwa kipimo kisichokosea kwa namba zote za Fermat zinazofuata 3, na kwa namba yetu kinahitaji kuzidisha mara 31 tu.

Kipimo hicho hakikuambii lolote kuhusu vigawo, na hapo ndipo umbali ninaousema unapoonekana. Namba ya Fermat yenye kipeo cha 128 ina tarakimu 39. Mwaka 1905 J. C. Morehead na A. E. Western, kila mtu kwa kazi yake, walithibitisha kwa kipimo cha Pépin kwamba si tasa. Vigawo vyake vilipatikana mwaka 1970, mikononi mwa Michael Morrison na John Brillhart wakiwa na kompyuta. Miaka 65 dunia ilijua kwamba namba ile inapasuka bila kujua inapasukia wapi. Ile yenye kipeo cha 2²⁰, namba ya tarakimu 315,653, ilithibitishwa mwaka 1987 kuwa si tasa, na hakuna kigawo chake hata kimoja kilichotangazwa.

Umbali huo ndio uliowapa wazo Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman mwaka 1977. Zidisha tasa mbili kubwa, tangaza zao lake hadharani, ficha zile tasa. Kufunga ujumbe kunahitaji zao hilo na kipeo kinachotangazwa pamoja nalo tu. Kuufungua kunahitaji kile kipimo nilichokwambia ukiandike pembeni, kinachopatikana kirahisi kwa mwenye vigawo. Jaribu kwenye namba yetu kuona jinsi vitu hivyo vilivyoshikamana: 4,294,967,297 − 4,288,266,240 + 1 ni 6,701,058, na hiyo ni 641 + 6,700,417. Anayekijua kipimo anazijua tasa, na anayezijua tasa anakijua kipimo.

Mwaka huohuo 1977 walitangaza zao la tarakimu 129 na zawadi ya dola 100. Lilipasuliwa mwaka 1994, na mamia ya watu waliounganisha kompyuta zao kwa intaneti. Zao jingine, la tarakimu 250, lilipasuliwa mwaka 2020. Kufuli unaloliona juu ya ukurasa wa benki kwenye simu yako mara nyingi linasimama juu ya zao la tarakimu 617, na kipeo kinachotumika kufungia kwa kawaida ni 65,537, yule ndugu wa mwisho wa Fermat aliye tasa.

Kama bado una karatasi

Endelea na namba ya saba: 2⁶⁴ + 1, yaani 18,446,744,073,709,551,617. Sharti la Lucas hapa ni 256 mara kitu, ongeza 1. Fortuné Landry aliipasua mwaka 1880 akiwa na zaidi ya miaka 80, na kigawo chake kidogo ni 274,177, yaani 256 × 1,071 + 1. Kikokotoo cha simu kinatosha kukuhakikishia. 65,536 × 65,536 ikigawanywa kwa 274,177 inabakiza 258,768, ambayo ni sawa na −15,409. 15,409 × 15,409 ni 237,437,281. Ongeza 1, gawanya kwa 274,177, unapata 866 bila baki.

Kigawo cha pili ni 67,280,421,310,721, nacho ni tasa, ila hapo kalamu haifai tena: kipeuo chake cha pili kinazidi milioni 8. Andika programu fupi ipite kwenye namba za sura 256k + 1 mpaka kipeuo hicho. Hazizidi 33,000, na kompyuta yoyote itazimaliza kabla hujaweka kalamu mezani.